Kidokezo Namba Nne

Hapana, Brenda. Sitaandika vidokezo kumi. Najua umesema wewe na Mutua, mnaochukua hii kazi yangu ya kusomea watoto, hamna wakati ya kusoma daftari mzima, eti ningeweka tu pointi kumi kwa karatasi moja, mbandike ukutani, mwendelee na kazi. Umesema pia mtu wa miaka ishirini na nane hawezi kustaafu, anaacha tu kazi kama watu wengine. Nitajibu yote mbili. Nimestaafu kwa sababu daktari wa koo ameniambia nistaafu. Mtu akiwa fisi wa hadithi kila Jumamosi kwa miaka saba, sauti inaisha. Na hizo pointi kumi, niliziandika zamani. Niliandika vizuri, nikaweka kichwa, nikachora mtoto anasoma. Namba nne ilinyamazisha nyumba moja huko Kisaju karibu muhula mzima. Kwa hivyo utasoma daftari.

Naanza mwanzo ndio usiniulize maswali katikati.

Nilimaliza fomu foo nikakaa nyumbani hapa Kitengela mwaka mmoja na nusu nikingoja kitu, sikuwa nimeambiwa ni nini. Baba yangu alikuwa akirudi kazini jioni ananikuta na diary yangu, anasema, "Nekesa, hata kuandika vile umeshinda bila kazi si kazi." Mama ndiye alisikia kanisani kwamba laibrari ya watoto inatafuta msichana wa kusaidia Jumamosi. Nikaenda. Wakati huo ilikuwa vyumba mbili juu ya hadiwea, unapanda ngazi ya chuma. Chini walikuwa wanakata mabati. Hiyo ndio kitu ya kwanza nilijifunza kwa hii kazi: ukifika "hapo zamani za kale" na mashine ianze, unanyamaza, unashika ukurasa, unangoja bati iishe. Usishindane na bati. Kuna mtoto alihama na wazazi wake, akaenda shule ingine, akauliza ticha mbona hadithi zao hazina ile sauti.

Mwenye laibrari alikuwa Madam Josephine. Alifundisha nasari miaka mingi upande wa Kakamega, akastaafu, akakuja kuishi na binti yake hapa, akashindwa kukaa. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kusoma na moja ya kuangalia wazazi. Siku ya kwanza alinipa kitabu akaniambia, "Soma." Nikasoma. Nilisoma kama niko mbele ya mkaguzi, mgongo umenyooka, kitabu nimekishika mbele ya uso wangu kama kioo. Nilipomaliza nikaangalia watoto. Walikuwa kumi na mmoja. Wote walikuwa dirishani wanahesabu trela za barabara ya Namanga.

"Umesoma vizuri sana," Madam akasema. "Ulikuwa unamsomea nani?"

Sikupenda hiyo swali. Niliiandika kwa diary na kalamu nyekundu.

Wiki zilizofuata alinifunza kazi vile mtu anafunza mwingine kukama. Kitabu inageuzwa, picha iangalie mtoto, wewe unasoma kwa pembeni hata kama shingo inauma. Kidole kinatembea chini ya maneno ndio mtoto ajue sauti inatoka kwa hizo alama, haitoki kwa uso wako. Unasoma sentensi unaacha neno la mwisho, wanalimalizia wenyewe. Huulizi "hii ni rangi gani," unauliza "unafikiri ataenda wapi sasa?" Mtoto akisema sungura ataenda kwa M-Pesa, unasema, "Kufanya nini huko?" Hukosoi. Na mtoto wa mwaka mmoja akitafuna kitabu, huo ndio usomaji wa mwaka mmoja. Futa mate, endelea.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ingine ilikuwa imekaa kwa benchi nyuma, inaangalia simu.

Mutua anafikiri hadithi ni ya watoto. Mutua, watoto ni sababu tu ya kufanya mzazi akae chini dakika arobaini. Mtoto anakuona saa moja kwa wiki, mama yake ndio anaona zile zingine zote. Kwa hivyo katikati ya hadithi unaingiza ushauri, lakini huongei na mzazi. Madam alikuwa na soksi ya kijani aliyoishonea macho ya vifungo, anaivaa mkononi, inaitwa Bibi Soksi. Angesimamisha hadithi aulize, "Bibi Soksi, wewe ukisonga ugali, unaongea na mtoto ama unaongea na sufuria?" Bibi Soksi anaona aibu, anajificha kwa kwapa. Watoto wanacheka, wamama wanacheka, mmoja anaweka simu kwa mkoba. Hakuna mtu ameambiwa yeye ni mzazi mbaya. Ni soksi imeambiwa.

Na ilikuwa ushauri mmoja kwa siku, hata siku moja hakuzidisha. Nilimuuliza kwa nini tusiwaambie yote mara moja tumalizane na hiyo maneno. Akanijibu, "Huyo mama amebeba mtoto, mkoba na maziwa. Ukimpa kitu ya nne ataangusha moja, na wewe hutachagua ni gani."

Nilifikiri ni uzee. Niliandika kwa diary: "Tukienda hivi, hao watoto watafika chuo kikuu kabla tumalize ushauri."

Nitataja baba mmoja tu hapa kwa sababu mtakutana na wenzake. Alikuwa anachimba mawe kwa kwari, alikuja na msichana wake, nikampa kitabu amsomee. Akakishika juu chini. Nikafungua mdomo. Madam akanikanyaga mguu. Yule baba akaangalia picha, akaanza: huyu mbuzi amelala kwa dari, hii nyumba imekosewa msingi, fundi ashikwe. Alisimulia picha moja dakika kumi na mtoto hakupepesa macho. Kwa hivyo mzazi asiyejua kusoma humwachi kwa kona. Mpe kitabu ya picha, muulize ni nini inaendelea hapo. Na mkikanyagwa mguu, nyamazeni.

Miaka tatu ikaenda hivyo. Halafu kukaja hii mambo ya intavyu.

Mama Ryan alikuwa anaishi kwa estate ya nyuma, anafanya kazi Nairobi, Jumamosi anakuja na Ryan amevaa kama anaenda harusi. Siku moja akasimama katikati ya hadithi akasema, "Ticha, Bibi Soksi ni mzuri. Lakini kwa intavyu ya kuingia PP1 hawaulizi soksi. Ryan ameulizwa 'what is this' na akajibu 'ni paka.' Wamemrudisha kwa sababu ya paka!" Wazazi wakaanza kuongea wote. Kila mmoja alikuwa na mtoto ama binamu amerudishwa. Wananiangalia mimi, kwa sababu Madam alikuwa ameenda nyumbani kuuguza dada yake na hakukuwa na mtu wa kunikanyaga mguu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne na nilikuwa na haraka. Nikaenda nyumbani, nikaandika vidokezo kumi alasiri moja, kabla chai iive. Tisa hazikuwa mbaya. Namba nne ilisema hivi, sijabadilisha neno: "Ongea na mtoto Kingereza, ama angalau Kiswahili. Usimchanganye na lugha ya nyumbani."

Mtauliza nilitoa wapi. Hakuna semina, hakuna kitabu. Niliitoa kwa kichwa yangu, na kichwa yangu iliitoa primary, kule ambako ukiongea lugha ya mama ulivalishwa kibao shingoni ushinde nayo mpaka umpate mwingine amekosea. Mimi nilivaa hiyo kibao mara nyingi kuliko sweta. Ungedhani mtu kama huyo ndiye angejua.

Nikatoa fotokopi. Nikagawa Kitengela Jumamosi, nikagawa Kiserian Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa sababu hapo zamani tulikuwa tunaenda kusoma hadithi kwa hoo, ule ukumbi wa kanisa huko. Nilisifiwa sana. Wazazi wanapenda karatasi kuliko soksi. Mama Ryan aliweka yake kwa plastiki.

Sasa Koko.

Kulikuwa na nyanya mmoja Mmaasai tulikuwa tunamwita Koko Nashipae, kwa sababu koko ni nyanya na Nashipae ndiye mjukuu wake. Alikuwa anatoka Kisaju kila asubuhi kuleta maziwa kwa mahoteli ya Kitengela. Jumamosi akimaliza anapanda ngazi na Nashipae, anaweka jerikeni tupu karibu na mlango, anaikalia. Benchi alikataa, alisema ni ya wagonjwa. Mama ya mtoto alikuwa anafanya kazi ya maua Naivasha, anakuja Krismasi. Nashipae alikuwa na miaka nne kasoro na alikuwa na mdomo. Alikuwa anabishana na hadithi kwa Kimaa, Koko anatafsiri kwa kifupi: "Anasema huyo simba ni mjinga." Baadaye anaongeza, "Na mimi naona hivyo."

Koko hakuwa anajua kusoma. Alipewa karatasi kama wengine, akaikunja mara nne akaiweka ndani ya shuka, akaenda kusomewa na mwenye duka wao.

Diary yangu ya hiyo muhula niko nayo hapa. Wiki ya tatu baada ya karatasi nimeandika: "Nashipae ametulia leo. Hajabishana." Wiki ya tano: "N. ametulia sana, ana adabu, karatasi inafanya kazi." Nimeipigia mstari. Wiki ya nane: "N. hakujibu kitu. Nimempa stika." Wiki ya tisa: "Stika ya pili." Yaani mtoto anazima mbele yangu kama taa na mimi nagawa stika.

Karibu na mwisho wa muhula, siku moja hadithi ikaisha, watu wakashuka, Koko akabaki kwa jerikeni yake. Nashipae alikuwa anavuta zipu ya jaketi, juu, chini, juu, chini.

"Nakerai, takwenya," Koko akasema. Takwenya ni salamu, nakerai ni mtoto, na mimi ndiye mtoto hapo.

"Iko, koko," nikaitikia.

"Mwalimu mkuu ameniita shule. Anasema huyu haongei. Anasema nipeleke hospitali wapime masikio. Nimepeleka. Masikio ni mazuri, anasikia hata mbuzi ya jirani." Akatoa karatasi yangu kwa shuka. Ilikuwa imeanza kukatika kwa mikunjo. "Sasa anasema shule ikifunguliwa atamwita ofisini amuulize maneno. Akinyamaza, hapa si mahali yake. Kuna shule ya kulala, mbali, ya watoto hawaongei. Anaandika barua aende huko."

"Lakini koko, Nashipae anaongea! Anaongea kuliko watu wote!"

"Alikuwa," Koko akasema. "Mimi nimefuata karatasi yako. Nimefuata yote. Sasa nauliza, nikimaliza kufuata nifuate nini?"

Nikamuuliza nyumbani anaongea naye aje. Akahesabu na vidole. "Kizungu niko na kam, niko na eat, niko na slip. Hizo tatu nilipata kwa hoteli. Kiswahili yangu ni ya kuuza maziwa. Namwambia, maziwa ni safi, haina maji. Anaelewa. Halafu nimemaliza. Jioni tunakaa tu. Akiniuliza kitu na Kimaa, sijibu, ndio nisimchanganye. Mara ya kwanza alilia. Sasa haulizi."

Chini wakaanza kukata bati. Sisi wote tukangoja iishe.

"Koko," nikasema, "hiyo haikuwa maana yangu."

Akafungua karatasi akanipa. "Nisomee maana."

Nikasoma namba nne kwa sauti. Maana yake ilikuwa hiyo hiyo. Haikuwa na ingine.

Nikamwambia basi aache, arudi nyumbani aongee naye Kimaa, hata leo, hata kwa ngazi wakishuka. Nilifikiri atashukuru. Akaniangalia vile anaangalia mtu anayetaka maziwa kwa deni.

"Leo ni hii, kesho ni ingine. Wewe umeona mimi sijui Kizungu, sasa umenihurumia, unanipa dawa ya maskini. Wale wa simu wataendelea na ile karatasi nzuri. Hapana. Kama ni mbaya, ni mbaya ya watu wote. Sema mbele yao."

"Nitasema pole pole, koko, mmoja mmoja."

"Karatasi ulipeana pole pole?"

Hiyo wiki nililala vibaya na sitaieleza, haiwasaidii kwa kazi. Nilipigia Madam simu Kakamega. Nilimwambia kila kitu, nikangoja anikanyage mguu kwa simu. Akasema, "Na Bibi Soksi usimtume. Hii ni yako." Akakata, dada yake alikuwa anataka maji.

Jumamosi ikafika, watu walikuwa wengi kuliko kawaida, bila shaka. Nilisoma hadithi mpaka nusu nikafunga kitabu. Nikasema nilitoa karatasi, namba nne nilikosea, hakuna mtu alinifundisha, niliitoa kwa kichwa yangu. Nikasema mtoto anajifunza kusoma na maneno ile ameshasikia, na anasikia nyingi kwa lugha ile mzazi anaongea bila kutafuta. Ukijua hadithi kwa Kikamba, kwa Kikuyu, kwa Kimaa, kwa Kiluhya, hiyo ndio mwaga. Kizungu shule iko nayo, itampa. Nikasema kuna nyumba imenyamaza kwa sababu yangu. Sikutaja. Wote wakageuka wakaangalia jerikeni.

Mama Ryan akasema, "Ati nini? Mimi nimeweka kwa plastiki!"

"Pole, Mama Ryan."

"Sasa Ryan akiulizwa paka?"

"Paka atajua kwa lugha mbili. Mwalimu achague."

"Ticha, wewe ulituambia na uso kavu hivyo hivyo. Tutajuaje hii ndio ya ukweli?"

Nikafanya kitu ya haraka, vile huwa nafanya. Nikamwambia Koko mbele ya watu, "Koko, tuambie hadithi moja ya Kimaa, watu wasikie vile inafaa."

"Sasa?"

"Ndio."

"Mchana?" Akaangalia dirishani kama kuna mtu nje atasikia. "Unataka ng'ombe ya watu ipotee? Hadithi ni ya jioni, wakati wanyama wameingia boma."

"Koko, hii ni Kitengela, na ni saa nne tu."

"Na ng'ombe zangu ziko wapi saa nne?"

Watu wakacheka, na mimi ndiye nilichekwa. Halafu Koko akanyoosha mkono. "Leta hiyo kitabu." Ilikuwa imefunguka kwa picha ya ng'ombe ya kahawia chini ya jua. Akaishika mbali na macho. "Hii imechorwa na mtu ameona ng'ombe moja, na ilikuwa mbali. Mnasema kahawia. Sisi hii ni mugie. Ingekuwa na madoa makubwa ni sampu. Ingekuwa nyeusi na nyeupe ni arus. Angalia sikio. Haina alama. Kila watu wako na alama yao kwa sikio, mimi nikiona sikio najua ni ya boma gani. Hii haina. Hii ng'ombe imeibwa." Akanirudishia. "Kitabu yako ni ya wezi."

Kila mzazi alikuwa anaangalia sikio ya hiyo ng'ombe. Mtu ambaye anaona mkato kwa sikio na anajua ni ya nani, huyo anasoma, na amesoma maisha yake yote. Nilikuwa nimemwambia anyamazie mjukuu wake.

Nashipae siku hiyo hakusema kitu. Alivuta zipu. Nawaambia hii kwa sababu mtangoja mtoto abadilike mbele yenu, mpige makofi. Huwa hawabadiliki mbele yenu.

Shule zikafungwa. Koko hakuja wiki ya kwanza, wala ya pili. Wiki ya tatu nikasikia jerikeni ikigonga ngazi, nikatoka nje.

"Nakerai, umeniletea shida," akasema kabla ya salamu. "Huyu hanyamazi. Ananiuliza kwa nini punda haina pembe. Nimejibu mara saba. Jana ameniambia mimi nakama vibaya. Mimi! Juzi amemtusi jirani, na ni kweli vile alimwambia, lakini ni tusi." Alikuwa amekasirika kabisa na alikuwa ameleta maziwa nusu lita, yangu.

"Sasa ofisini ataongea?"

"Na Kizungu? Sijui. Twende wote. Karatasi ni yako."

Siku ya kufungua tukaenda. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma ya meza, barua ya ile shule ya kulala iko hapo tayari, imebaki sahihi. Akainama akasema na Kingereza ya pole pole, "What is your name?" Nashipae akamwangalia. Akaangalia meza. Nilikuwa nimekaza vidole vya miguu ndani ya viatu. Mwalimu akauliza tena. Nashipae akashika kiuno akaongea Kimaa kwa muda mrefu, mpaka mpishi wa shule, ambaye alikuwa ameleta chai, akaweka trei chini na kufunika mdomo.

"Anasema nini?" mwalimu mkuu akauliza.

Mpishi hakutaka kusema. Akasukumwa akasema. "Anasema jina lake liko kwa sweta, kama unajua kusoma. Na anauliza kwa nini wewe umekaa na koko wake amesimama."

Mwalimu mkuu akainuka akaleta kiti. Halafu akachukua ile barua akaiweka kwa droo. "Huyu hana shida ya kuongea," akasema. "Ako na shida ingine." Nashipae alirudia darasa mwaka huo, sitawadanganya, alikuwa amepoteza muhula. Lakini hakupelekwa mahali. Sasa anasoma vitabu mwenyewe na bado anabishana nazo. Koko bado analeta maziwa, na hajawahi kuniambia asante. Mimi pia ningekuwa yeye nisingesema.

Kama hii ingekuwa yote ningefunga daftari hapa, na Brenda angefurahi.

Lakini nilisema nilikosea Kitengela peke yake. Ile hoo ya Kiserian ilifungwa hiyo muhula, wakaanza kuitumia kama darasa, hatukurudi tena. Nilijiambia nitaenda. Halafu nikajiambia hao watakuwa wamesikia. Ukweli ni kwamba wamama wa Kiserian walinipenda, walikuwa wananiita Ticha Mkubwa, na sikutaka kuwa mtu mwingine. Miaka nne. Nilipokuwa naandika hii daftari nikatoa rejista ya zamani, nikapata majina saba.

Brenda, jana ukaniambia, "Wachana nayo, hao watoto saa hii wako gredi tatu." Ni ukweli. Lakini leo mchana nimepigia jina la kwanza. Ni Mama Mwende, anauza mboga karibu na soko ya mbuzi, na lugha yake ni Kikamba. Mwende alikuwa mtoto wa kuimba, unamsikia kabla umwone. Simu ikashikwa mara moja.

"Ticha Mkubwa! Aki sikuamini! Karatasi yako bado iko, nimebandika karibu na jiko. Niko na mwingine sasa, anaitwa Mumo, ana miaka mbili. Nimefuata yote, hata ile namba nne. Kikamba hajawahi kusikia. Huyu ametulia, ticha, hata hutajua kuna mtoto kwa nyumba."

Nilisema nitampigia baadaye. Hiyo ndio nilimwambia, baada ya miaka saba ya kuwafundisha watu kuongea.

Kwa hivyo kesho asubuhi siji kuwakabidhi funguo, mtachukua kwa mlinzi. Naenda Kiserian. Nataka nifike saa mbili, kabla hajapanga sukuma wiki. Nitamsalimia, nitasema nilikosea kabla ya kukubali chai, na nitaomba aitoe ukutani mwenyewe. Halafu nitakaa hapo kwa gunia ya viazi mpaka nimsikie akimgombeza Mumo kwa Kikamba. Nikimaliza na yeye, nimebakisha majina sita.